Kovu la sikio langu: nilivyolipima kabla ya kulitibu mara ya pili

Mimi ni fundi wa kushona nguo za kike hapa Chake Chake, na kupima ndiyo kazi ya mikono yangu kutwa, lakini ilinichukua miaka mitatu kufahamu kwamba kovu nalo hupimwa kabla halijaguswa na kisu. Naandika haya kwa ajili ya wanawake na wasichana wenye makovu yaliyoota masikioni, vifuani na mabegani, ambao huyaficha chini ya mtandio wakiamini kwamba hayana dawa, au kwamba dawa yake ni kukatwa tu.

Langu lilianza mwaka 2018. Arusi ya mdogo wangu ilikuwa imekaribia, nami nikataka tundu la pili juu ya lile nililotogwa utotoni ili nivae vipuli viwili viwili. Jirani alinitoga kwa sindano na uzi, pakavimba kidogo, pakatoa usaha siku chache, kisha pakapona nami nikasahau. Baada ya miezi minne hivi nilipapasa nyuma ya ndewe ya sikio la kushoto nikakuta kitu kigumu mfano wa kunde. Mchana kilitulia, lakini usiku kiliwasha hata nikawa naamka na kujikuta nimelikuna sikio mpaka likawa moto. Khaloo wangu alinipaka mafuta ya habasoda na asali kwa miezi kadhaa, kwa mapenzi yake, na ngozi ililainika juu juu. Uvimbe wenyewe uliendelea kukua. Wapo walioniambia kwamba ni kijicho cha siku ya arusi, na maneno hayo yaliniumiza kuliko muwasho.

Mwaka 2020 nilivuka kwenda Unguja, katika kliniki moja binafsi ambayo sitaitaja, nikaulizwa swali moja tu: kama nataka litoke siku ile ile. Nikasema ndiyo. Likakatwa, nikashonwa nyuzi tano, nikapewa vidonge vya kuzuia usaha, na hakuna aliyeniambia nirudi. Kwa miezi mitatu sikio langu lilikuwa zuri na nilifurahi sana. Mwezi wa nne muwasho ulirudi, na kabla mwaka haujatimia palikuwa na kitu cha ukubwa wa kungumanga, kilichofunika makovu ya nyuzi zote tano. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba keloidi, yaani kovu lililoota kupita jeraha lake kama hili langu, ikikatwa bila matibabu mengine ya kuifuatia, uwezekano wa kurudi ni kuanzia asilimia 45 na hufikia hata asilimia 100, na kwamba irudipo mara nyingi huwa kubwa zaidi. Hilo nilistahili kuambiwa kabla ya kisu, na hadi leo linanisikitisha.

Daktari wa ngozi niliyemkuta mwaka 2021 katika hospitali ya serikali hapa Pemba alisomea Moshi, katika hospitali ya rufaa ya KCMC, ambako tangu mwaka 1992 kipo kituo cha kufundishia maradhi ya ngozi. Siku ya kwanza hakunitibu chochote. Alinikalisha karibu na dirisha, akamwita muuguzi wa kike asimame nasi, akaniomba nifunue mtandio, kisha akaanza kuuliza. Lilianza lini? Jeraha la mwanzo lilikuwa na ukubwa gani, na uvimbe umebaki ndani ya mipaka yake au umeivuka? Linawasha, linauma, bado linakua? Nani mwengine katika ukoo analo? Nina mimba, au naitarajia? Hapo nikakumbuka kwamba bimkubwa wangu ana kovu gumu kifuani lililotokana na chunusi za ujanani, na kwamba nyumbani kwetu hatukuwahi hata siku moja kulihusisha na langu.

Swali la mipaka ndilo lililonifungua macho. Mtoto wa kaka yangu aliungua mkono kwa uji wa moto, na kovu lake lilinyanyuka katika miezi miwili ya mwanzo, likawa nene na lenye kuwasha, lakini halikutoka nje ya pale alipoungua. Alikandwa kwa mafuta kila siku, akafungwa shiti ya silikoni, akanyooshwa kiwiko asubuhi na jioni ili ngozi isivute kiungo, na kufikia mwaka wa pili limelala, limebaki doa. Hilo ni kovu nene, na makovu ya namna hiyo mara nyingi hupungua yenyewe kadiri muda unavyokwenda. Keloidi ni jambo jengine. Huweza kuchelewa miezi, hata miaka, kisha huvuka mipaka ya jeraha na kuingia kwenye ngozi iliyokuwa nzima, wala haipungui yenyewe. Daktari aliniambia kwamba jina hilo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa, nalo lilitumiwa na daktari wa Kifaransa Alibert mwanzoni mwa karne ya 19. Sisi wa Pemba tunalijua gando la kaa, nami nilipojitazama katika kioo niliona vidole viwili vya lile kovu vilivyokuwa vimeanza kushuka kuelekea shingoni, nikamwelewa.

Kisha akapima. Alilibonyeza kwa kidole gumba na kuachia, akitazama damu inavyorudi, akaeleza kwamba katika ngozi yetu wekundu hujificha na mtu asiyebonyeza kwenye mwanga huupitia hivi hivi. Akalifinya kujua ugumu wake. Akaweka rula ndogo ya plastiki: urefu milimita 24, upana 17, unene 14. Akapiga picha rula ikiwa hapo hapo, na akanionya kwamba picha isiyo na rula haina faida mwezi ujao. Halafu akajaza kipimo kiitwacho cha Vancouver, ambacho hutazama mambo manne, yaani rangi, damu, ulaini na unene, na kovu baya kabisa hupata 13. Langu lilipata 10. Lakini kipimo hicho hakimuulizi mgonjwa neno, kwa hiyo aliongeza mawili ya kwake: kutoka 0 hadi 10, muwasho wako ni ngapi, na maumivu ni ngapi? Nikasema 8 na 4. Sikuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote, na macho yalinijaa machozi.

Alinihakikishia kwamba si saratani na haliambukizi. Katika ngozi, alisema, zipo seli zinazotengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa ngozi uimara, ili kuziba jeraha, na kwa watu wengine, hasa sisi wenye ngozi nyeusi na hasa katika umri wa miaka 10 hadi 30, seli hizo hazijui pa kusimama. Kwangu ilikuwa kama fundi aliyemaliza upindo wa kanzu akaendelea kupiga cherehani. Alinitajia njia zilizopo: sindano za steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, kugandisha kwa naitrojeni ya baridi kali, ambako huweza kuacha weupe katika ngozi nyeusi, kukata kunakofuatiwa na sindano na kubana, na, kwa yale sugu, mionzi inayotolewa mara tu baada ya upasuaji, ambayo ingenipeleka hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Tukakubaliana kuanza na sindano.

Dawa ni steroidi iitwayo triamsinoloni, kwangu miligramu 40 katika kila mililita, kila baada ya wiki nne. Sitawadanganya: sindano ya kwanza iliuma mno. Kovu lilikuwa gumu hata dawa ilikataa kuingia, na ijapokuwa alitangulia kunitia ganzi, nilimshika muuguzi mkono mpaka akacheka na kuniambia, "Dada, niachie kidole kimoja nikuandikie tarehe." Ya pili iliingia kwa wepesi zaidi. Kufikia ya nne unene umeshuka kutoka milimita 14 hadi 8, na muwasho kutoka 8 hadi 2, nami nikaanza kulala usiku kucha. Mwezi mmoja siku zangu zilivurugika, na ngozi ya pembeni ikapata weupe mdogo kama doa la maji. Yote mawili nilikuwa nimetahadharishwa, kwa hiyo sikutishika.

Nyumbani nilifanya jambo langu mwenyewe. Kila Ijumaa baada ya kuoga nilizungusha uzi wa cherehani kwenye shina la kovu, nikaukata pale unapokutana, nikaugandisha kwa gundi katika daftari na kuandika tarehe. Daktari alipouona ukurasa ule alinyamaza kidogo, kisha akaomba kuupiga picha. Nyuzi hizo ndizo zilizonipa subira, kwa sababu kioo humwonesha mtu kovu lile lile kila siku, ilhali uzi wa wiki ya kumi ulikuwa mfupi waziwazi kuliko wa wiki ya kwanza.

Kilichobaki kilikatwa na daktari wa upasuaji Unguja, safari hii kwa mpango. Kingo za jeraha zilipigwa sindano pale pale mezani, nikarudi kila mwezi kwa sindano nyengine, na jeraha lilipofunga nikapewa kibanio cha sikio: vibao viwili vya plastiki vyenye silikoni ndani na skrubu ya kukazia. Kilitakiwa kukaa saa nyingi kadiri iwezekanavyo, mchana na usiku, kwa miezi isiyopungua sita, kikiwa kimekazwa ya kutosha kubana lakini si hadi ndewe iwe nyeupe au ife ganzi. Kazi ilikuwa kwenye udhu. Mara tano kwa siku nilikitoa, nikapangusa masikio, nikakausha vizuri nyuma ya ndewe, nikakisafisha kwa kitambaa na kukirudisha kabla ya kusimama kwenye mswala, kwa sababu nilijua kwamba nikikiweka dirishani "mpaka baada ya sala" nitakisahau hadi jioni. Wakati wa joto la Kaskazi jasho lilipokusanyika chini ya silikoni pakatoka vipele, na nikaruhusiwa kupumzika siku mbili. Mtandio wa kazini niliushonea kifuko kidogo upande wa kushoto, kibanio kikakaa bila kuvutwa.

Sasa imepita zaidi ya miaka mitatu tangu upasuaji huo. Pamebaki mstari mwembamba na ule weupe ambao umefifia, na bado naenda kuangaliwa mara moja kwa mwaka, kwa kuwa keloidi huweza kurudi hata baada ya muda mrefu. Sikio la kulia sikulitoga tena, na binti yangu ana matundu yake mawili ya utotoni, hayo yanamtosha.

Kazi yangu hunifanya nione makovu mengi, kwa sababu mwanamke anayepimwa blauzi humfunulia fundi kifua na bega. Nikiona lililoota, kwanza nahamisha mshono usilisugue, kisha namuuliza yale niliyoulizwa mimi: lilianza lini, limevuka mipaka, linawasha? Mwezi uliopita mteja mmoja alikuja na bintiye wa miaka 15 aliyetogwa miezi mitano nyuma, na nyuma ya ndewe palikuwa na kovu mfano wa kunde, gumu na lenye kuwasha usiku. Nikawaonesha daftari la nyuzi, nikawaandikia siku ya kliniki ya ngozi, na Jumanne ile ile akapigwa sindano yake ya kwanza. Kovu lake lilikuwa na unene wa milimita 4.