Kumbukumbu ya mradi wangu: kitabu cha panya, mikorosho mitatu

Nilianza Januari, korosho zimeshakwenda ghalani. Mpango wenyewe mdogo: kurasa tano za kitabu kila usiku, halafu nijaribu jambo moja shambani. Kitabu ni "Who Moved My Cheese?" cha Mmarekani Spencer Johnson, kilichotoka 1998. Hakifiki hata kurasa mia. Panya wawili na vijitu viwili wanaishi kwenye vichochoro vya kupotezana, wanakula jibini. Siku moja wanakuta jibini hakuna. Panya wanavaa viatu wanaondoka. Vijitu vinabaki kulalamika.

Usiku wa pili nikakwama. Nanyamba hapa, Mtwara, nani anakula jibini? Basi kila penye jibini nikawa nasoma korosho, na kitabu kikaanza kunisema mimi. Kuna mahali kijitu kimoja kinatambua kwamba jibini halikutoweka usiku mmoja, lilikuwa likipungua siku zote. Nikafungua daftari la mauzo. Magunia tisa, saba, sita, manne. Na kila mwaka nilikuwa nalaumu ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, na salfa ya kuuzuia iliyochelewa, kumbe mikorosho ya marehemu mama imezeeka.

Nikamsomea mjomba, maana bila yeye hakuna mti unaoguswa. Nikamweleza nataka kukata ile mikongwe na kubebesha machipukizi yake, yaani kuyaunga na vikonyo, vijitawi vya mbegu bora za Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo. Alisikiliza hadi mwisho.

"Huyo panya hana shamba, mpwa wangu. Ndiyo maana anakimbia."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Kitabu kinasifu sana kuondoka; habari ya kungoja hakiigusi, wakati mche wa korosho ukiupanda leo utasubiri kama miaka mitatu ndipo uone kitu. Tukakubaliana mikorosho mitatu tu, ile ya mpakani mwa shamba.

Tumekata usawa wa kiuno. Machipukizi yalipokomaa nikabebesha vikonyo kumi na viwili kwa mkono wangu, kila kiungo nikakifunga nailoni. Vinane vikakauka. Nilipofungua kimoja, ncha ilikuwa nyeusi, ikakatika kama njiti ya kiberiti, na ndani ya nailoni kulikuwa na maji. Bwana shamba alicheka kidogo. Chonga kama kabari, akasema, kikonyo kilingane unene na chipukizi, na nailoni uanze kufunga chini ukipanda juu, kwa kukaza, mvua isipate pa kuingilia. Mimi nilikuwa nafunga kama kidonda cha mtoto.

Nimerudia vile vinane, sita vimeshika. Jumla kumi vina majani, mekundumekundu bado.

Kitabu nimekimaliza mara mbili. Mara ya pili nilikuwa naruka kurasa. Jana jioni mjomba alipita mpakani, akainama, akageuza jani moja kwa kidole. Akauliza nailoni imebaki kiasi gani.

Nimemwambia ya mkorosho mmoja ipo.