Wavu wa mjomba

Jirani anakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Harufu imepanda hadi dirishani kwangu, na badala ya kusikia njaa nimekumbuka aibu.

Ni 2015, Bukavu, mwaka ule wa memwari, tasnifu ya kumaliza chuo, yangu ya fizikia. Nilikuwa na faili ya migongano ya protoni, ile data ambayo kundi la mtambo wa CMS, kwenye maabara ya CERN kule Ulaya, liliwaachia watu wote bure. Niliibeba kwenye flashi kama mtu aliyebeba yai. Usiku umeme uliporudi nikachora grafu ya masi za jozi za muoni, chembe ndogo kama elektroni ila nzito zaidi. Mlima ukasimama karibu na 3.1 GeV (kipimo cha masi ya chembe), na mbele yake, penye 9.46, kilima kingine: upsiloni! Ni chembe ya vipande viwili, kwaki b na pinzani wake wamefungana, kitu kilekile ambacho kundi la mwanafizikia Leon Lederman lilikiona Fermilab, maabara ya Marekani, mwaka 1977. Nikatoa takataka za chini ya kilima, jozi zilizokutana kwa bahati tu, nikahesabu upsiloni zilizobaki, sikulala.

Asubuhi nikateremka Nguba, kando ya ziwa, kujisifu. Mjomba alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wavu magotini, anashona. Usiku kucha alikuwa ziwani, macho mekundu, mikono inanuka mafuta ya taa. Nikamweleza kila kitu, mpaka muoni. Hakuinua kichwa.

"Ulipata ngapi?"

Nikataja. Akafunga tundu moja, akakata uzi kwa meno, akahamia la pili.

"Hizo ni zenye ulishika. Mimi nakuuliza zenye zilizaliwa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanyanyua wavu juani, vivuli vya matundu vikamwangukia usoni.

"Zenye kupita hapa, ulizihesabia wapi? Na usiku ya mwezi mkubwa, sambaza haikuje kwa taa. Narudia mikono mitupu. Sasa niseme ziwa haina samaki?"

Sikuwa na jibu. Kwenye kila upsiloni 100, ni kama mbili na nusu tu zinazovunjika kuwa muoni mbili. Muoni dhaifu haifiki kwenye vyumba vya nje vya mtambo. Na vichujio vya mtambo vinatupa migongano mingi kabla haijaandikwa popote; hiyo ndiyo taa yao. Mimi nilikuwa nimehesabu beseni la sokoni, nikaandika juu yake "Ziwa Kivu".

Kilichofuata ni masahihisho, wiki kwa wiki, kugawanya kwa hiki na kile. Matundu ya wavu niliyapima, angalau kwa kukisia. Vichujio vilinishinda. Siku ya kutetea, profesa mmoja akauliza swali lile la mwezi, kwa Kifaransa kizuri zaidi. Nilipita, si kwa shangwe.

Mjomba bado ananiuliza kila nikishuka ziwani: "Na ya usiku ya mwezi?"

"Bado, mjomba."

Ananipimia sambaza, anaongeza konzi moja.