Pojo, choroko na kibali cha miaka miwili

Jumapili, 5 Oktoba 2025. Magomeni, Dar es Salaam.

Magari ya kampeni yamepita mchana kutwa, sasa mtaa umetulia. Mwanangu amelala. Mbaazi za kesho nimeshaziloweka, na mezani mbele yangu ziko pasipoti mbili, yangu na yake, nimezifungua pale penye kibali cha ukaazi. Zimebaki siku 71. Tarehe yake na yangu ni moja, kwa sababu yeye yupo hapa kwa mgongo wangu, hati yake ni ya mtegemezi, nami nipo hapa kwa mgongo wa jiko la mgahawa wangu wa mahamri. Jiko likizimika, na shule ya mtoto imekwisha, na chumba tunacholala, na ruhusa yenyewe ya kuamka mtaani hapa.

Jambo hili sikulielewa nilipokuwa Mombasa. Nilidhani naenda kufanya biashara nchi ya jirani, ikishindikana nitafunga, nitapumzika, nitatafuta nyingine. Mtu aliye kwao hufanya hivyo. Mamangu ameuza mahamri Kibokoni miaka mingi, na mara mbili alifunga kabisa, mara moja kwa uzazi na mara moja kwa kumuuguza baba. Alifungua tena alipoweza. Hakuna aliyekwenda kumuuliza kwa nini bado yupo mjini ilhali hauzi kitu.

Nilipowaaga ndugu zangu, mamangu alisema neno moja tu: "Mwanangu, wenda kuanza upya na umri huu?" Nilikuwa na miaka 41. Nilikuwa na akiba, na pesa za kiwanja nilichouza Kisauni, na imani kubwa kwamba watu wa Dar wakionja mbaazi za nazi kwa mahamri ya iliki hawatarudi nyuma. Kwa hilo la mwisho sikukosea.

Watu wa nyumbani huniuliza hiyo viza ya mwekezaji niliipataje. Nawaambia mapema kwamba hapa karatasi ni mbili. Ipo ya kazi, inayotolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia, na ipo ya ukaazi, daraja A, ya Uhamiaji. Hata kama kampuni ni yako, fedha ni zako na unayemwajiri ni wewe mwenyewe, ya kazi unaihitaji. Wengine walidhani ukiwa mwekezaji unapita Kituo cha Uwekezaji, kama kilivyoitwa wakati ule, na mambo yanakwisha. Cheti cha uwekezaji kwa mgeni, kwa Sheria ya Uwekezaji ya 2022, kilitaka mtaji usiopungua dola 500,000. Wenye mitaji hiyo walifunguliwa milango mingi kwa pamoja, pamoja na nafasi za kuleta wataalamu wao. Mimi robo ya robo yake sikuwa nayo. Nilipita mlango wa watu wadogo, na mlango huo una ngazi nyingi.

Niliwahi pia kuitegemea Jumuiya. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ndani yake imo haki ya raia wa nchi mwanachama kwenda kuanzisha shughuli nchi nyingine. Nilikuja nayo kichwani kama mtu anayekwenda kwa shangazi yake. Shangazi anakupenda, lakini nyumba yake ina utaratibu wake, na kwanza ukae sebuleni.

Sebule yangu ilikuwa fremu, kama wanavyokiita hapa chumba cha duka. Kuomba kibali lazima uonyeshe kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, namba ya mlipakodi, mkataba wa pango na mpango wa biashara. Maana yake unapanga fremu kwanza, unaomba baadaye. Dalali alichukua kodi ya mwezi mmoja, mwenye nyumba akachukua ya miezi sita kwa mkupuo. Laki sita kwa mwezi. Ukijumlisha na ya dalali ni milioni nne na laki mbili kabla sijanunua hata kikaango. Shilingi yetu moja ilikuwa haifiki ishirini za hapa, nikawa napiga hesabu kwa simu, nazima, nawasha, napiga tena, kana kwamba jibu litabadilika.

Kisha nikangoja. Miezi mitatu na nusu.

Nataka niieleze miezi hiyo vizuri, kwa sababu sijaona mtu akiisimulia. Meza nane zilishafika, zimefungwa nailoni. Jiko la gesi lipo, karai mbili zipo, sinki limeshaunganishwa. Nami nina ufunguo mfukoni na sina ruhusa ya kukanda donge moja la unga kwa kuuza. Kila asubuhi nilifungua, nikafagia, nikapangusa vumbi la barabarani lililoingia usiku, nikakaa kwenye kiti kimoja nilichokifungua nailoni. Watu walisimama mlangoni: "Dada, mnafungua lini?" Niliwaambia karibuni tu, inshallah. Fundi aliyeniwekea sinki alinishauri nianze taratibu, nipike kidogo kwa majirani, nani atajua. Alisema kwa wema. Lakini ukikutwa unafanya kazi bila kibali, faili lako linaharibika kabla halijafunguliwa, na mimi mtoto wangu nilikuwa nimemwacha kwa bibi yake nikingoja nimlete. Sikupika. Jioni nilifunga mlango, nikatembea hadi kituo cha mabasi ya mwendokasi kuona tu watu wanaotoka kazini.

Barua moja niliyoomba kwenye ofisi fulani ilipotea, nikaambiwa nilete nyingine, nikaleta, ya kwanza ikaonekana. Hayo yamepita, siyarudii.

Kibali kilitoka katikati ya Desemba 2023. Siku hiyohiyo nilikwenda Kariakoo kununua vyakula vya kuanzia, na huko ndiko nilikojua kwamba Kiswahili changu nacho ni mgeni. Nilimwambia muuza nafaka, "Kaka, naomba pojo kilo kumi." Akanitazama. "Pojo ndiyo nini, dada yangu?" Nikamwambia zile ndogo za kijani. Mwenzake wa kando, aliyewahi kuishi Nairobi, akadakia: "Huyo anataka ndengu." Na yule kaka, kwa haraka ya mwezi wa Desemba, akasikia dengu, akanipimia dengu kilo kumi, akafunga gunia, kijana wa mkokoteni akalichukua. Nilifungua mgahawani. Nilichota kiganja nikaziangalia, kubwa, za rangi ya mchanga, na mimi niliyezaliwa na Kiswahili mdomoni nilikuwa nimeshindwa kununua pojo kwa Kiswahili. Nililia pale jikoni. Uchovu wa miezi yote ile ulitokea kwenye dengu.

Nilizirudisha kesho yake. Alizipokea bila neno, akanipa choroko, ndilo jina lake hapa, akaniongezea nusu kilo. "Pole, dada. Karibu Dar." Mpaka leo nanunua kwake. Nikawa najifunza jina moja moja: kotmiri hapa ni giligilani, stima ni umeme, mkahawa wangu mwenyewe ni mgahawa. Mahamri sikuyabadilisha jina. Mpishi wangu, mama wa Tanga, alinishauri niandike maandazi ili watu waelewe. Nikamwambia wataelewa wakila.

Kodi ilinifundisha mengine. Sheria inasema mpangaji wa biashara akilipa pango azuie asilimia 10 aipeleke TRA, mamlaka ya mapato. Nilimwendea mwenye nyumba kwa heshima zote, shikamoo mzee, nikamweleza kwamba katika laki sita nitampa laki tano na arobaini, na elfu sitini nitampelekea TRA kwa jina lake. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, mimi nataka kodi yangu kamili. Hayo ya TRA ni yako na TRA." Wapangaji wengi wa mtaa huu wameambiwa hivyohivyo. Nikalipa mimi, laki tatu na sitini kwa kila miezi sita, juu ya kodi. Mwenyeji anaweza kuvutana naye, akachelewa, akasamehewa. Mimi nikija kuhuisha kibali lazima nionyeshe kwamba sidaiwi, kwa hiyo kila elfu sitini ile ilikuwa ni siku zangu za kukaa.

Halafu ikaja Julai mwaka huu.

Tarehe 28 ilitangazwa amri ya Waziri wa Viwanda na Biashara, Selemani Jafo, ya shughuli 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Niliipata kwenye simu saa nne usiku, imetumwa na dada mmoja wa kwetu mwenye saluni. Hakuandika neno, alituma karatasi tu. Niliisoma nimesimama. Uwakala wa fedha kwa simu. Ufundi wa simu. Saluni, isipokuwa ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii. Usafi wa majumbani na maofisini. Udalali. Kuwaongoza watalii. Kununua mazao shambani. Biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na maduka maalumu ya jumla. Mgahawa haumo. Nilirudia orodha mara tatu, kidole juu ya kioo, na mgahawa haumo.

Lakini pale mbele, karibu na mlango, nilikuwa na rafu. Pakiti za binzari na bizari ya pilau, halua ya Mombasa, achari ya maembe. Wateja walikula, wakaondoka na pakiti. Hiyo ni rejareja. Adhabu kwa mgeni ni faini isiyopungua milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote, na kibali kinafutwa. Kwa ajili ya pakiti za bizari.

Nilirudi mgahawani usiku ule ule kwa bodaboda. Nilishusha rafu peke yangu, misumari mirefu, ukuta ukaacha matundu manne. Asubuhi mama jirani, anayeuza vitenge, aliyaona akajua. Akanivuta kando: "Mama, hivyo vitu andika jina langu. Viweke kwangu, hela utachukua." Nilimshika mikono. Amri hiyohiyo inasema raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo anatozwa faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Alikuwa hajui. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, kisha akasema yuko tayari. Nilikataa, na nitamkumbuka kwa hilo maisha yangu yote.

Sina hasira na amri, na nasema hivi kwa moyo mweupe. Nimewasikia vijana wa Kariakoo wakieleza jinsi mgeni mwenye mtaji alivyoshuka mpaka kwenye kibanda, akauza bei ambayo wao hawawezi. Ingekuwa ni Marikiti pale kwetu Mombasa, nami ningepiga kelele. Serikali ya Kenya ililalamika, ikataja Soko la Pamoja, na ina hoja. Ninaloumia nalo ni yule dada wa saluni. Amesuka nywele za mtaa mzima, na wasichana wanne aliowafundisha ni wa hapahapa. Leseni aliyonayo ataitumia mpaka iishe, ndivyo amri ilivyoruhusu, kisha basi. Inaisha mwezi wa kwanza. Juzi alikuja kula, akaniomba nimuonyeshe namna ya kukanda unga wa mahamri. Nilimwonyesha. Vidole vyake vimezoea kusuka. Alikuwa analivuta donge kama anagawa nywele.

Sasa zamu yangu. Karatasi nimezipanga: hesabu za kampuni, cheti cha kutodaiwa kodi, leseni ya manispaa, michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ya wafanyakazi sita, asilimia 20 kila mwezi na sijaruka hata mmoja. Kinachopungua ni mkataba. Mwenye nyumba hutoa wa miezi sita sita, na wa sasa unaisha Novemba, kabla ya kibali. Nani ataamini naomba miaka miwili kwenye fremu ya miezi sita?

Nilimwendea jana baada ya alasiri. Nilimpelekea mahamri kumi kwenye kikapu na mbaazi kwenye bakuli lenye mfuniko. Nilimwomba mkataba wa miaka miwili. Alikula taratibu. Akasema bei itapanda. Nikamwambia ipande, ila katika mkataba huo tuandike ile asilimia 10 inatoka kwenye kodi yake, kama sheria inavyosema. Aliweka hamri chini. Alinitazama kwa muda, nami sikuondoa macho.

"Hili la TRA," akasema, "ngoja nimuulize mwanangu."

Mwanawe ni mhasibu, anafanya kazi eneo la Posta. Nimeambiwa nirudi Jumatano. Bakuli sikulidai, nimeliacha kwake.