Faida kwa hisa imepanda, mali ya mwanahisa je?

Mfanyabiashara wa dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, akikopa milioni 5, riba anaiingiza kwenye hesabu kabla hajapanga bei ya gunia. Akitumia milioni 5 zake, hesabu hiyo anaiacha, kana kwamba fedha yake ni ya bure. Hesabu za kampuni zina kasoro ileile: riba ya benki hutolewa kabla ya kufikia faida, lakini gharama ya mtaji wa wanahisa haitolewi popote.

Tuseme kuna kiwanda cha minofu ya sangara Ilemela. Mtaji wa wanahisa ni shilingi bilioni 6, hisa milioni 10, faida baada ya kodi milioni 900, yaani shilingi 90 kwa hisa. Bodi haitoi gawio, yaani haiwagawii wanahisa sehemu ya faida. Faida yote inajenga vyumba vya baridi. Mwaka unaofuata faida inafika milioni 960, shilingi 96 kwa hisa, na mkutano mkuu unapiga makofi.

Makofi ya nini? Zile milioni 900 zimeleta nyongeza ya milioni 60 tu, asilimia 6.7. Kama wanahisa wanataka asilimia 16 kwa hatari ya biashara ya samaki, mwaka wa kwanza mtaji wao ulidai milioni 960, pengo la milioni 60. Mwaka wa pili mtaji ni bilioni 6.9, unadai milioni 1,104. Pengo sasa ni milioni 144. Faida imepanda, mali imeliwa zaidi.

Kwenye soko la hisa, bei ya hisa ikitoka shilingi 560 hadi 600, mwanahisa amepata 40 wakati 90 zake zilibakizwa ndani. Mali yake ni gawio pamoja na ongezeko la bei, basi. Ndiyo maana kila mwaka gawanya nyongeza ya faida kwa faida iliyobakizwa mwaka uliotangulia. Hesabu hiyo ya dakika mbili wengi hawaifanyi, na inaniuma kuona watu wakinunua hisa bila hiyo.

Kisha fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, ile inayoonyesha fedha iliyoingia na kutoka kweli. Mvuvi hulipwa papo hapo mwaloni, lakini mnunuzi wa Ulaya anaweza kulipa baada ya siku 60, na mauzo yameshaandikwa. Wadaiwa, yaani fedha ambayo wateja hawajalipa, wakikua haraka kuliko mauzo, faida hiyo bado iko kwa watu.

Jihadhari pia na faida inayoonekana kubwa kwa kulinganishwa na mtaji mdogo. Huenda ni mkopo uliopandisha uwiano huo wa faida kwa mtaji, au ni mashine zilizokwisha kukatwa uchakavu wote, thamani yake vitabuni karibu sifuri. Siku kompresa ya zamani inapokufa na mpya kununuliwa, mtaji uliofungwa kwenye mitambo unapanda, uchakavu unaanza kukatwa upya, na ile asilimia nzuri inashuka kwa mwaka mmoja.