Nembo za bibi niliziona Rio

Mwaka 2018 meli yetu ilitoka Durban ikakata Atlantiki siku 12 ikafunga gati Rio de Janeiro. Mimi baharia wa deki, mtoto wa Masasi, na kwenye zamu yangu alikuwepo jamaa wa Nacala, Msumbiji, yeye Mmakua na mimi Mmakua, Kimakua chetu kinapishana kidogo ila tunaelewana, basi tulishakuwa ndugu. Tukapewa masaa ya kushuka, wenzetu wakakimbilia ufukweni Copacabana, jamaa akaniambia kaka twende Valongo, ni hapa hapa jirani na bandari. Nikamuuliza kuna nini, akasema twende tu.

Ukifika unaona shimo la wazi katikati ya mji, magari yanapita pembeni, na chini ni mawe. Mawe ya mviringo, makubwa kwa madogo, yamebanana bila mpangilio, unajiuliza mtu anapitaje pale peku, tena mtumwa aliyekaa wiki nyingi kwenye ngama ya meli hajanyoosha miguu. Wabrazili wanaita sakafu ya aina hiyo pé de moleque, jamaa akanitafsiria, mguu wa mtoto, na hilo neno moleque lenyewe limetoka Kimbundu cha Angola, ndivyo walivyokuwa wanaita vitoto vya kitumwa.

Hiyo ndo gati ya Valongo, ya kushushia watumwa, ilijengwa 1811. Inakadiriwa Waafrika kama 900,000 walishushwa hapo, na Brazil nzima ilichukua karibu milioni 5, hakuna nchi ya Amerika iliyofikia hapo. Halafu 1843 wakaifukia, wakajenga nyingine juu yake ya kumpokelea binti wa kifalme kutoka Ulaya aliyekuja kuolewa na mfalme wao, ikakaa chini ya ardhi mpaka 2011 walipochimba kutengeneza eneo la bandari kabla ya Olimpiki. Wakakuta shanga, kauri, vipete vya nyuzi za mmea. Mtu kavuliwa kila kitu lakini kapete kake kafika nako!

Sasa mimi toka shule nilikuwa najua watumwa wa Amerika walitoka Ghana, Nigeria, Angola, huko magharibi. Sisi wa kusini habari yetu ni Kilwa na Unguja, na Masasi yenyewe wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuja 1876 na watumwa walioachiwa huru kutoka Unguja, hiyo tumeisikia tangu watoto. Jamaa akaniambia hapana kaka, Waingereza walipoanza kubana biashara kule magharibi mwa Afrika, wafanyabiashara wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema wakaja kwetu, kisiwa cha Msumbiji na Quelimane, wakawapakia watu kuja hapa hapa Rio, na humo Wamakua walikuwepo. Nilinyamaza. Maana njia hiyo ndo niliyotoka kuipita, usingizi wangu nalala kitandani, maji ya kuoga yapo, na bado nilikuwa nalalamika kuhusu chakula.

Tukatembea mpaka nyumba moja mtaa wa Gamboa. Mwaka 1996 wenye nyumba walikuwa wanakarabati, wakavunja sakafu wakakuta mifupa ya watu, kumbe ndo makaburi ya waliokuwa wanaitwa pretos novos, weusi wapya, wale waliofika wakafa kabla hawajauzwa. Leo ni makumbusho. Kwenye sakafu wameweka vioo, unainama unaangalia chini. Sio makaburi ya heshima, ni vipande vya mifupa vimechanganyika na udongo na takataka, walizikwa hivyo hivyo bila sanda. 2017 walipata mifupa iliyokamilika ya binti wa miaka kama 20, wakampa jina Bakhita, kama yule mtakatifu wa Sudan. Jamaa alivua kofia, na mimi nikavua.

Mama mmoja mtu mzima wa pale alipojua tumetoka wapi akatushika mikono wote wawili. Akatuambia zamani waliosafiri meli moja waliitana malungo, na huyo ni ndugu yako mpaka kufa hata kama mmeuzwa mashamba tofauti. Akatoa kitabu cha michoro ya Rugendas, Mjerumani aliyepita Brazil miaka ya 1820 akachora nyuso za watumwa na kuandika chini kila mmoja katoka wapi. Benguela. Congo. Akafunua ukurasa wa Moçambique, yaani Msumbiji.

Nembo. Zile chale za usoni, vinundu vimepangwa mstari kama vya marehemu bibi yangu, ambavyo nilipokuwa mdogo nikilala mapajani pake nilikuwa navihesabu kwa kidole mpaka usingizi unanipitia. Bibi alikuwa anasema kwao kuna watu walipelekwa pwani hawakurudi, hataji majina, anaendelea kupepeta mchele wake. Machozi yalinitoka mbele ya watu na sikuona aibu.

Nikapiga picha ule ukurasa, usiku tukiwa tumerudi melini nikamtumia mama WhatsApp bila maelezo yoyote. Asubuhi nikakuta sauti yake, anauliza, "Mwanangu, huyu ni nani wa kwetu, mbona simkumbuki?"