Majimaji sio pointi saba za mtihani

Kila ikifika mwisho wa Februari pale Songea watu wanajaa Makumbusho ya Majimaji, wazee wa Kingoni wanakuja, lizombe inachezwa, mashada yanawekwa kwenye kaburi la pamoja, na kwa siku chache nchi nzima inakumbuka kwamba tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga pale watu zaidi ya 60 kwa sababu ya Vita vya Majimaji, ile vita ya 1905 hadi 1907 ya kuupinga utawala wao. Halafu basi, mpaka mwakani. Mimi hili jambo linanikaa moyoni mwaka mzima.

Kinachoniuma zaidi ni namna tunavyolifundisha. Binti wa dada yangu yuko kidato cha pili, juzi kanionyesha daftari lake la historia: sababu za vita ni kodi, pamba ya lazima, kazi za shuruti, ukatili wa maakida, yaani wale wasimamizi waliowekwa na Wajerumani. Sababu za kushindwa ni silaha duni, kukosa umoja, imani ya maji. Mwandiko mzuri, kila pointi imepigiwa mstari kwa rula, na ukimuuliza anazitiririsha zote bila kukosea. Nikamuuliza, Mkomanile unamjua? Akaniangalia. "Mjomba, huyo hatujafundishwa."

Mkomanile alikuwa kiongozi wa Kitanda, upande wa Namtumbo ya leo, na ndiye anayekumbukwa kwa kumpokea Kinjala, yule mjumbe aliyeileta Ungoni dawa ya maji, iliyoaminika kwamba inageuza risasi kuwa maji. Alinyongwa pamoja na manduna, yaani viongozi wa vita wa Kingoni, mwanamke peke yake kati yao. Mtoto wa kike wa Kitanzania anamaliza sekondari hajawahi kulisikia hilo jina, ila idadi ya pointi anaijua! Na Songea Mbano mwenyewe, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, wangapi nje ya Ruvuma wanajua kwamba alikuwa nduna, kwamba kaburi lake liko peke yake pembeni ya lile la wenzake, na kwamba wazee wa pale wanasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani na hadi leo familia inakidai?

Halafu hiyo "kukosa umoja" mimi inanisumbua sana jamani. Vita ilianzia Umatumbi, upande wa Kilwa, kijiji cha Nandete, Julai 1905, watu wakang'oa miche ya pamba kwenye shamba, na ndani ya miezi michache wameshaingia Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni, Wabena, watu wa lugha tofauti ambao baadhi yao walikuwa wamepigana wao kwa wao miaka sio mingi nyuma, hawana simu wala gazeti, wanachopelekeana ni maji yenye mtama na mbarika na neno la Kinjikitile, yule mganga wa Ngarambe aliyeianzisha dawa hiyo. Hilo unaliandikaje kuwa ni kukosa umoja na ukaishia hapo? Huyo Kinjikitile walimnyonga mapema kabisa, Agosti 1905, na vita ikaendelea bila yeye mpaka 1907. Mi nadhani swali la kumpa mwanafunzi ni waliwezaje kuungana, maana hapo ndo kuna maajabu.

Ila sitaki pia tufundishe hadithi tamu tupu. Wangoni walitoka Afrika Kusini, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na walipofika huku waliwapiga wenyeji na kuchukua mateka, kwa hiyo ukikaa na mzee wa kabila jirani habari za Wangoni utazisikia kivingine kabisa. Wahehe wengi hawakuingia vitani, na wapo waliosimama upande wa Mjerumani. Na askari waliochoma vijiji wengi wao walikuwa Waafrika, kuna waliotoka Sudan na kuna waliotoka humuhumu. Watoto wetu wanaweza kubeba haya yote, kwanini tunawaficha?

Na njaa. Hii ndo sehemu ambayo kwenye daftari la yule binti ilikuwa mstari mmoja tu, "watu wengi walikufa". Wajerumani walipoona vita ya msituni haiishi walichoma mashamba na maghala kwa makusudi, afisa wao mmoja aliandika waziwazi kwamba njaa ndiyo itakayowanyoosha watu. Waliokufa kwa njaa na maradhi ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Serikali ya Kijerumani ilitoa hesabu ya watu 75,000, lakini mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyezunguka kwa wazee wenyewe, alifika kati ya 250,000 na 300,000. Ona tofauti hiyo, inategemea nani amehesabu na amemuuliza nani.

Na hapa ndo hoja yangu ilipo. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi warudi makwao wakawahoji wazee walioiona Majimaji kwa macho yao, waliobeba maji, waliokimbilia porini wakiwa watoto. Nchi ina miaka saba tu ya uhuru, hela hakuna, lakini waliona kwamba hii habari isiachiwe mafaili ya mkoloni peke yake. Mengi tunayoyajua leo yanatokana na kazi ile. Wale wazee wote wameshaondoka, tulio nao sasa ni wajukuu na vitukuu, na nao wanaondoka.

Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea akakutana na familia, akaomba radhi. Nilifurahi, tena sana. Lakini kuomba radhi ni kazi yao, kusimulia ni yetu, na hiyo hatuhitaji kumsubiri mtu kutoka Berlin.

Sasa hivi tuna somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, linafundishwa kwa Kiswahili hadi sekondari, na mimi naliunga mkono kwa moyo wote kwa sababu mtoto anaweza kwenda kumuuliza bibi yake kwa lugha ileile anayojibia mtihani. Ila mtihani ukibaki "taja sababu tano", tumebadilisha lugha tu. Shule ya Kilwa ifanye ya Umatumbi, ya Liwale ifanye ya Wangindo, Old Moshi wao wana Mangi Meli, chifu wa Kichaga aliyenyongwa na Wajerumani 1900, kila sehemu ina watu wake. Mpeni mtoto maksi kwa kumhoji mzee mmoja, aandike jina lake na alichosema, hata kama kinapingana na kitabu.

Wenye wazee Namtumbo, Songea vijijini, Mahenge, Liwale, Kilwa, likizo hii mkienda nyumbani washeni simu mrekodi. Msiulize "sababu za Majimaji ni zipi" maana na wao watawajibu za shuleni. Ulizeni mashamba yalipochomwa ukoo wetu ulikimbilia wapi, walikula nini, nani aliwapokea, na nani hakurudi.