Majani ya ngano niliyoyapeleka maabara mara mbili

Msimu huu ngano yangu huku Moiben, katika Kaunti ya Uasin Gishu, ilikuwa na kiraka cha kama ekari mbili ambacho mimea yake ilidumaa, kijani chake kikakolea kupita kiasi na ncha za majani ya chini zikageuka zambarau, ilhali hatua chache tu kando yake kila mmea ulikuwa umetoa machipukizi matatu au manne. Jirani alisema ni baridi ya Julai. Hakuwa amekosea sana, kwani baridi nayo huleta rangi hiyohiyo inayoletwa na upungufu wa fosforasi, kirutubisho nilichokishuku, na ndiyo sababu sikutaka kutegemea macho peke yake.

Sampuli ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Nilichanganya majani ya juu na ya chini, mengine yakiwa na udongo, nikayafunga katika plastiki hadi yakaanza kuoza njiani, na katika fomu sikuandika ngano imefikia hatua gani ya ukuaji. Jibu lilirudi likisema fosforasi ni asilimia 0.28 ya uzito mkavu. Kwa ngano changa inayochipua, kiasi hicho ni kidogo. Kwa jani la mwisho lililo chini ya suke wakati wa kuchanua, kinatosha. Kadiri mmea unavyorefuka ndivyo nyuzinyuzi za shina zinavyoongezeka na fosforasi kuonekana imepungua, kwa hiyo namba isiyo na umri wa mmea haisemi lolote.

Bahati nzuri ngano ilikuwa bado haijaanza kurefusha shina. Safari ya pili nilichuma jani changa lililokwisha kukunjuka lote, moja kutoka kila mmea, mimea hamsini ya kirakani na hamsini ya sehemu yenye afya, asubuhi ileile, nikayaweka katika bahasha mbili za kaki pamoja na udongo wa kila sehemu. Kiraka kilipata asilimia 0.19 na upande wa pili 0.36. Hapo sikuhitaji jedwali la viwango la mtu yeyote.

Kilichonishangaza ni udongo. Fosforasi ya pande zote mbili ilikaribiana, lakini pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi, kirakani ilikuwa 4.9 na ya kule kwingine 5.6. Katika udongo mchachu hivyo, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, na pamoja na chuma huifunga fosforasi, hata mmea ukose kitu kilichopo chini yake. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, una takriban kilo 10 za fosforasi halisi. Kuongeza mfuko wa pili juu ya uchachu ule kungekuwa kuulisha udongo badala ya ngano, tena amonia iliyomo katika DAP huzidisha uchachu wenyewe.

Muuzaji wa pembejeo alinishauri ninyunyizie mbolea ya majani. Nilikataa, kwa kuwa jani hupokea kiasi kidogo mno kulinganisha na mahitaji ya ngano, na mbolea ya kumwaga juu nayo haishuki kwenye mizizi, maana fosforasi husogea milimita chache tu udongoni. Mavuno ya kiraka kile nimeshayahesabu kuwa hasara. Baada ya kuvuna nitachanganya chokaa ya kilimo ya kupunguza uchachu katika nusu yake na kuiacha nusu nyingine kama ilivyo, kisha mwakani nichume majani ya pande zote mbili siku moja.